Mistari Miwili ya Jikoni

…na Profesa anasoma kama padri mazishini, "mkato," anasema, "nukta, herufi kubwa," kila alama kwa sauti, ndivyo tunavyosahihisha hapa, yeye anasoma nakala itakayochapwa, mimi nafuata kwa kidole kwenye picha ya barua yenyewe, na kila sentensi ikiisha nasema sawa, miaka kumi na moja ya sawa, juzuu tisa za barua za Eben Crail, mcheshi wa taifa, mwana wa mji huu, Mungu amsamehe maana mimi bado, sawa, na nje uwanjani wamejaa wale wajinga arubaini wenye kofia za majani na nyusi za gundi, ni sikukuu yake, wanashindana nani anafanana naye zaidi, kipaza sauti kinakoroma, hadithi ya nyumbu tena, kila Agosti nyumbu… "Jana nilikula jikoni, mkato, nyumba nzima ni baridi ila jikoni, nukta. Herufi kubwa, Mwambie Mama kitambaa kimefika, nukta," na Profesa Halvorsen anangoja, kalamu juu, nami kidole kimekwama, kwa sababu hapa, kwa mkono wa Crail mwenyewe akimwandikia kaka yake, kati ya jikoni na Mama kuna mistari miwili ambayo Profesa hakuisoma, "Ile hadithi ya nyumbu si yangu, ni ya Hester mpishi wetu, aliisimulia akikanda unga, nami niliinakili neno kwa neno pale pale jikoni"… Hester, Hester Lyle, mama mzazi wa bibi yangu Verdell, bibi aliyenikalisha barazani akimenya njegere na kuniambia yule mzungu wa sanamu ya uwanjani alikula chakula cha mama yangu na maneno yake pia, mjukuu wangu, na hakusema asante kwa kimoja…

"Odessa? Tupo pamoja?"

"Tupo, Profesa."

"Usinilalie, bibie. Jumatatu juzuu hii inakwenda mitamboni."

"Nani atalala na kelele hizo?"

"Waache wapige kelele. Bila wao nani angetusoma?" na anacheka kile kicheko chake cha puani, kile kile cha siku ile mezani, mwaka wangu wa pili, nilipothubutu kusema kwetu tunajua nyumbu alitoka wapi, naye akaweka mkate chini akasema, "Odessa, kila familia ya mji huu ina bibi aliyemfundisha Crail kucheka," wote wakaangua, na mimi nikacheka, nilicheka, nilisikia mdomo wangu ukicheka… ameikata, mwizi, ameikata kwa mkono wake, miaka thelathini na nane ya maisha yake amejenga jina juu ya ubunifu wa Crail, sasa aruhusu mpishi asimame katikati ya ukurasa na unga mikononi, thubutu, nitamwaibisha mbele ya chuo kizima, nitawaandikia magazeti, nani aliyenakili barua hii kwa ajili yake, kibaraka gani, jina liko hapo, mwenye kunakili huandika herufi za jina lake chini pembeni, nafunua karatasi ya nyuma… O.R… Odessa Rudd… tarehe kumi na moja Machi, mwaka wangu wa kwanza… mwandiko wangu, ile R yenye mkia… hapana… jicho limeruka, kutoka "ila jikoni" hadi "pale pale jikoni", kila kilicho kati kimezama, ugonjwa wa wanaonakili, mimi ndiye ninayewafundisha wageni siku ya kwanza, neno likijirudia shika mstari kwa rula, mimi, na rula yangu, nilinakili barua thelathini kwa siku mwezi ule, ili nani, ili yeye apite nyuma ya kiti changu aseme vizuri, na alisema, alisema vizuri Odessa, nami nikaenda nyumbani na vizuri yake kama mtoto na peremende, na bibi alikuwa hai bado, angali barazani, ningeweza kumsomea… na hakuna anayejua, nikisema sawa hakuna atakayejua, picha itarudi sandukuni, nani hufungua sanduku… nje mwenye kipaza sauti anamalizia, nyumbu ameanguka mtoni pamoja na mhubiri, wote wameimba, wote wamelia, nyumbu ametoka majini ametakasika, "wakamfunga jembe lile lile la jana!" na uwanja mzima unapasuka kwa kicheko, kofia juu, na bibi hakuwahi kucheka hapo, kamwe, alikuwa akifika kwenye jembe anainamia njegere zake, anaendelea kumenya, na mimi nilidhani amesahau kwamba ni kichekesho… Crail alijua, aliandika anajua, alimnong'oneza kaka yake kisha akasimama kwenye majukwaa miaka ishirini akiinama kwa makofi, na mimi ndiye niliyemfutia hata mnong'ono huo, si Halvorsen, Halvorsen hakuhitaji hata kuinua mkono, alikuwa na mimi…

"Sawa?" anasema, kalamu bado juu, jasho kwenye kola yake, kidole changu bado juu ya jina la Hester, H yenye wino mzito, kama Crail alitua kidogo kabla ya kuliandika, na sawa iko tayari ulimini, imelainika kwa miaka kumi na moja, inateleza yenyewe…

"Si sawa, Profesa. Niliruka. Rudi jikoni."