Feni ya Chumba cha Vanishi

Fundi umeme aliuliza swali moja tu la maana siku ile: "Hiki kidude nikifunge upande gani?" Shemeji yangu hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole ukutani, juu ya kiti chake, akasema, "Hapa hapa, nikifikie bila kuinuka." Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiivuta hewa ya vanishi, alisimama tu mlangoni na kitambaa chake shingoni. Nilimkata jicho. Akajifanya hakuona.

Karakana yetu ya fanicha ina vyumba viwili. Cha mbele ni cha wateja. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, hukaa hapo na simu zake, mimi nashona mito ya makochi, na mama mkwe anaijaza sponji. Cha nyuma ni cha vanishi. Mlango wake hufungwa ili vumbi lisiingie, dirisha hakina, na kinachotoa harufu nje ni feni moja kubwa ya ukutani. Feni hiyo ilikuwa na kelele, sikatai. Mteja akiuliza bei ilibidi umjibu kwa vidole. Shemeji alisema inamfukuzia watu, ndipo akaleta hicho kidude cha kupunguza mwendo.

"Ukishusha sana itanguruma bila kuzunguka," fundi umeme alisema huku akikusanya bisibisi zake.

"Hata mke wangu hunguruma, na nyumba inakwenda," shemeji akamjibu. Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Kuanzia hapo ikawa vita ya chini kwa chini. Mteja akiingia, shemeji ananyoosha mkono, feni inashuka. Mume wangu anaita kutoka ndani, "Kaka, ongeza!" Inapandishwa kidogo, simu inalia, inashushwa tena. Jioni mume wangu alirudi nyumbani macho mekundu, kichwa kinamgonga, chakula hakipiti.

"Mdomo wako kazi yake kula tu?" nilimwambia. "Na hata kula huli siku hizi. Mwambie kile kidude akihamishie ndani kwako."

"Yule ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kazi."

"Alikulea ili akuue?"

Akacheka, akakohoa, akageukia ukutani. Nilikasirika hadi usingizi ukaruka. Wanasema mkubwa ni jalala, kila uchafu hutupiwa yeye. Kwetu jalala alikuwa mdogo.

Mwishowe nilimkabili shemeji mwenyewe, mbele ya mama mkwe. Nilisema kwa adabu zote ninazozijua, nazo si nyingi. "Shemeji, mdogo wako anaumia mle ndani."

Alitabasamu. "Shemeji yangu, ya wanaume tuachie wanaume. Angekuwa anaumia angesema."

Mama mkwe aliinamia sponji zake. Kwake yeye, kifungua mimba hakosei.

Siku mume wangu alipokuwa akipiga vanishi kabati la mteja mmoja mwenye hoteli, mimi nilikuwa nimetumwa kununua uzi. Niliporudi, chumba cha mbele kilikuwa kimetulia vizuri mno. Shemeji na mteja mwingine walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini na kucheka, utadhani wako sebuleni. Sikuisikia feni. Nilisikia mngurumo mdogo tu wa kitu kinachotaka kuzunguka na hakiwezi. Niliutupa uzi nikausukuma mlango wa nyuma, harufu ikanipiga usoni. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi. Nusu ya kabati ilikuwa inang'aa na nusu bado mbao kavu. Nilimburura kwa miguu hadi nje. Nilimpiga makofi, nikamwita majina yote, hata yale ya chumbani. Hakuitika. Feni yenyewe haikuungua hata waya.

Msibani shemeji alilia kuliko sisi sote, na sisemi kwamba alikuwa anaigiza. Kila aliyekuja kutoa pole, shemeji alimwambia, "Moyo ulisimama ghafla. Angetamka neno moja tu, ningemtoa." Alilirudia hilo mpaka mwenyewe akaliamini.

"Alitamka," mama mkwe alisema.

Watu wakageuka.

"Aliita, kaka, ongeza. Ulikuwa na simu sikioni, ukauonyesha ukuta kiganja, asubiri. Akaita tena, sauti imelegea kama ya mlevi. Wewe ukashusha zaidi, upate kumsikia mteja. Na mimi nilikuwepo. Nikasema moyoni, mkubwa anajua." Mama mkwe hakulia. Alijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Tulipofungua tena karakana, mwenye hoteli alipiga simu kuulizia kabati lake. Shemeji akasema atatafuta fundi wa vanishi. Mama mkwe aliliendea bomba la kupulizia vanishi, akalileta, akamwekea mapajani.

"Fundi wa nini? Aliyemfundisha mwenzako ni nani? Ingia umalizie."

Aliinuka taratibu kama mgonjwa. Akaingia, na mama mkwe akaufunga mlango.

Mimi nilikaa kwenye kiti chake, maana ndipo kidude kilipo. Nilikizungusha hadi kikagoma. Kelele ikajaa nyumba nzima, na sikufanya hivyo kwa kumpenda. Nilichoka tu kuzika. Haukupita muda mlango ukafunguka, shemeji akatokeza akiwa ameshika mwimo, machozi na kamasi vinamtoka pamoja.

"Shemeji, nakuomba. Ongeza feni."

"Nimeshaongeza," nilimwambia kwa kupaza sauti. "Hapa ndipo mwisho wake."

Alikitazama kidude, akautazama mkono wangu, kana kwamba huenda namficha kitu. Alikohoa mpaka akainama.

"Na yeye alikuwa akikaa humu hivi?"

"Hapana, shemeji," nikamjibu. "Hivi ndivyo zilivyokuwa siku zake nzuri."