Nani Aliyesema Toka?

Bao lile lilipoingia nilishindwa hata kupiga kelele. Nilikaa mdomo wazi, chupa ya maji ikinimwagikia mapajani, nikimtazama mdogo wangu aliyesimama peke yake mbele ya mabeki wenzake, mkono juu, akidai mshambuliaji ameotea. Ameotea wapi! Mabeki wengine walikuwa wamebaki nyuma, na yule mshambuliaji alipita kwenye pengo aliloachiwa akafunga bila jasho. Muda si mrefu refa akapuliza filimbi ya mwisho. Tumefungwa.

Mdogo wangu ni beki wa kati. Mashabiki wanamwita Komeo, kwa sababu akifunga mlango umefungwa. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kucheza kwa mshahara, na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Kocha alishamwambia wazi kwamba mechi ile ndiyo ingeamua kama atabaki au atafute kazi nyingine. Sasa watu wale wale waliokuwa wakimwimba walianza kumzomea.

"Komeo limelegea!" mmoja alipayuka nyuma yangu. Niligeuka nimpe vidonge vyake, nikaacha. Nilikuwa nimepigwa na butwaa, na si kwa sababu ya bao. Ilikuwa kwa sababu ya mama yangu, aliyeketi kando yangu akiuliza kwa nini watu wamenuna.

Timu ya Komeo ina mtego. Nahodha, ambaye naye ni beki, akipiga kelele "Toka!", mabeki wote wanapanda mbele kwa pamoja, na mshambuliaji aliyejibanza nyuma yao anaachwa ameotea. Neno ni hilo moja tu, na mwenye ruhusa ya kulisema ni nahodha peke yake.

Na mama yetu ni msafishaji hospitalini. Kazi yake ni kudeki korido za wodi, na adui yake ni mtu anayekanyaga sakafu kabla haijakauka. "Toka!" Hapo hana cha mgonjwa wala cha daktari. Nimewahi kumwona daktari mkuu akiruka akajibandika ukutani na miwani yake mkononi. Nyumbani ni vivyo hivyo. Tumekua tukilitii neno hilo kwa miguu kabla halijafika kichwani.

Siku hiyo ndiyo kwanza mama alikuwa amekuja uwanjani. Mpira haujui hata kidogo. Tulipata viti vya mbele kabisa, karibu na mstari, upande anaochezea Komeo. Wapinzani walipokuwa wanakuja langoni kwetu, jibaba moja likasimama mbele ya mama likamziba. Mama akavuta pumzi.

"TOKA!"

Jibaba lilitoka. Na mdogo wangu pia.

Jioni alirudi nyumbani uso umemshuka. Mama alikuwa kwa jirani, kwa hiyo alinisimulia mimi, tumesimama jikoni. Kocha alimuuliza mbele ya wenzake nani alisema toka. Nahodha akaapa si yeye. Kipa hakusikia kitu kwa makelele ya nyuma ya lango. Basi kocha akamtazama machoni akamuuliza kama ameuza mechi.

"Amekuuliza nini?" Nilitaka nivae viatu nimfuate kocha huyo huyo saa hiyo hiyo. "Na wewe ulijua ni sauti ya nani?"

"Dada, sauti hiyo naijua tangu sijaanza kutambaa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Beki mzima na ndevu zangu, nimeacha nafasi yangu kwa sababu mama kasema? Watanicheka mpaka nizeeke. Halafu mama akijua, itamuua. Nyamaza, dada. Nakuomba."

Nikanyamaza, ingawa hasira zilikuwa zimenifika hapa.

Asubuhi yake mama alikuwa akideki sebule huku akiwalaani maadui wa mwanawe. Habari za mtu asiyejulikana aliyesema "Toka!", na za Komeo kushukiwa kuuza mechi, alishazipata kwa jirani, na tangu usiku hakuwa na wimbo mwingine.

"Mpuuzi huyo nikimpata!" alisema, tambara likizunguka sakafuni. "Watu siku hizi hawana adabu. Mbona mimi jana kuna jitu lilinizibia, nikaliambia mara moja tu, to..."

Tambara likamponyoka. Alimtazama Komeo. Komeo akatazama dari. Mama akanitazama mimi, nami nikajifanya natafuta sindano kwenye pindo la gauni langu.

"Ni mimi," alisema.

Sijawahi kuisikia sauti ya mama ikiwa ndogo vile. Akajikalia chini, kwenye sakafu mbichi, yeye ambaye angemfukuza hata malaika kwenye maji yale. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka uwanjani. Komeo akapiga magoti akamwambia hana kosa, yaishe, asimwambie mtu. Mama alingoja mwanawe aende mazoezini, kisha akavaa gauni lake la harusi za watu, akanishika mkono, tukatoka.

Ofisi ya kocha ina dirisha linalotazama uwanja wa mazoezi. Yeye ni mtu mkavu. Alimsikiliza mama mpaka mwisho bila kupepesa jicho.

"Mama," alisema, "visingizio nimevisikia vingi. Huyu alipigwa na jua, yule alibanwa na viatu. Wa kuniletea mama yake ndiyo kwanza nampata."

"Sikuja kumwombea, baba. Nimekuja kusema kosa ni langu. Mwanangu si mwizi wa mechi."

"Uwanja mzima unapiga kelele, yeye asikie sauti moja? Na asijue kwamba si ya nahodha? Hapana. Hilo halinikai akilini."

Nje, mabeki walikuwa wamejipanga wakisubiri msaidizi wa kocha aupige mpira. Mama alisogea dirishani, akalifungua, akavuta pumzi. Mimi niliziba masikio.

"TOKA!"

Mabeki wote walichomoka mbele kwa pamoja. Nahodha, mwenye neno lake, alikuwa wa kwanza. Kipa aliliacha lango. Mkata nyasi alizima mashine yake akasimama kando kwa adabu. Komeo akanyoosha mkono juu kudai kuotea, halafu akageuka taratibu kutazama dirishani, na mkono ukabaki huko huko juu.

Nikamgeukia kocha. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani, na sidhani kama mwenyewe alijua amefikaje pale. Alitazama miguu yake. Alimtazama mama. Akarudi kukaa polepole, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mkataba wake nitauongeza," alisema mwishowe. "Na nitamwomba radhi mbele ya wenzake. Lakini mechi ya Jumamosi kuna mtu itabidi akae nyumbani."

Mama akashika meza. "Mwanangu?"

"Hapana, mama. Wewe."

Hapo ndipo mama alipolia.