Wewe ni Baba Nani?

Watu wa Dar es Salaam wakisikia Lushoto kuna baridi husema afadhali, tumechoka na joto. Wakifika mwezi wa saba utawaona wamejifunga mablanketi ya gesti mabegani. Kundi lile nalo lilikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wanne: Bi Salma, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, mumewe Athumani, mpole kama wanavyokuwa waume wa wanawake wa namna hiyo, na vijana wawili waliooana majuzi, ambao hawakuwa na haja ya mtu wala mnyama. Walikuwa wamenunua safari ya kipupwe. Kwanza Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, kule chini kwenye tambarare, kisha kupanda Usambara kutembea msitu wa Magamba, na kumalizia Irente kwenye mwamba wa kutazamia bonde.

Mwongozaji wao alikuwa Stephano, mtu wa Malindi ya huku huku Lushoto, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Vijana wa stendi walimwita Gaidi kwa kulikata neno la Kiingereza "guide", wala hawakujali kwamba gaidi ni mtu wa bunduki. Yeye aliitika tu. Mtu asiye na jina lake huitika lolote.

Jina aliwahi kuwa nalo. Huku mtu akizaa, jina la ubatizo linawekwa kabatini pamoja na suti ya harusi. Tangu siku mtoto wao alipozaliwa, Stephano alikuwa Baba Heri na mkewe Evelina alikuwa Mama Heri, basi. Kipupwe cha mwaka juzi nimonia ikamchukua Heri, akiwa na miaka minane. Majirani walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliomaliza kazi. Hakuna aliyewaagiza, lakini baada ya arobaini kila mmoja aliuma ulimi, wakaogopa kutonesha kidonda. Baba Heri akawa Bwana Stephano. Naye Stephano akaona huo ndio utu, akaanza kumwita mkewe Evelina.

Alipomwita hivyo mara ya kwanza, mkewe alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyebisha mlango usio wake. Hakugomba. Miezi ikapita, na asubuhi moja akafunga khanga zake akarudi kwa wazazi wake, kijijini Gare. "Humu ndani hakuna anayenijua," alisema. Stephano alidhani ni uchungu tu unasema, akangoja upoe. Wala haukupoa, na njia ya Gare akaikwepa.

Sasa kule Mkomazi, gari likiwa limesimama kupisha tembo, Bi Salma alimgeukia.

"Hivi baba, siku nzima nakuita wewe, wewe, kama nakufukuza. Wewe ni baba nani?"

Angeweza kusema anaitwa Stephano, yakaisha. Lakini swali lile hakuwa ameulizwa tangu msiba, na mdomo ukatangulia.

"Baba Heri, mama."

"Haya, Baba Heri. Heri yuko darasa la ngapi?"

"La nne."

Na kwa hesabu ndilo angekuwa analisoma. Bi Salma akauliza kama ni mtundu, Stephano akajibu ni mtundu sana, anapanda kila kinachopandika. Alisema kwa aibu na kwa furaha, na furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Tangu hapo wageni wakawa ni Baba Heri yule twiga, Baba Heri wale mbwa mwitu wamekwenda wapi. Hata vijana wa arusi wakalishika.

Msituni Magamba alifanya jambo ambalo mwongozaji hapaswi kulifanya. Alitangulia mbali kidogo, zaidi ya inavyofaa, ili Bi Salma abaki nyuma na kumwita. Naye alimwita. "Baba Heri!" Mbega wakaruka kutoka kwenye matawi. Stephano akasimama kwenye ukungu, akangoja aitwe tena.

Jambo likakua, kama kila uongo mtamu. Sokoni Lushoto Bi Salma alinunua sweta la bluu, akalipima kwa viganja hewani.

"Mpelekee mjukuu wangu," alisema. "Baridi hii si ya watoto."

Stephano alilipokea kwa mikono miwili, akalitia kwenye begi lake, na tangu hapo begi likamlemea. Aliapa moyoni kwamba wakifika Irente, mwisho wa safari, atawaambia ukweli.

Irente walikuta ukungu mtupu. Bonde lote lilikuwa limefunikwa, hata ukingo wa mwamba ulionekana kwa shida. Stephano akakohoa ajiandae kusema, na hapo Athumani, aliyekuwa hajaomba lolote tangu Mkomazi, akaomba.

"Tumeambiwa Gare kuna misheni ya zamani. Hatuwezi kwenda kuiona, maadamu hapa hatuoni kitu?"

Dereva wao hakungoja jibu. Alikuwa amekwisha washa gari.

Walishuka Gare na kupanda kwa miguu kuelekea kanisani. Njia ilipokata mashamba, mwanamke alikuwa anakuja na tenga la karoti kichwani. Stephano alimjua kabla hajauona uso wake. Akasimama. Nyuma yake Bi Salma, hoi, akapaza sauti yake ya wodini.

"Baba Heri, ningoje bwana, magoti yangu si kama yako!"

Mwanamke naye akasimama. Akashusha tenga taratibu.

"Ni nani huyu?" Bi Salma aliuliza alipowafikia, akitazama uso mmoja na mwingine.

"Mke wangu," Stephano alisema.

"Kumbe Mama Heri! Habari za hapa, mwanangu? Heri yuko wapi, na sisi tumsalimie?"

Stephano alitazama viatu vyake. Evelina alimtazama yeye, kisha akamgeukia mgeni.

"Shikamoo, mama. Heri alifariki. Mwaka juzi."

Bi Salma alishika kifua. "Inna lillahi," alinong'ona, na sauti ile kubwa ikapotea. "Baba Heri, mbona hukusema?"

"Mngeacha kuniita."

Bi Salma akaanza kuomba samahani, Evelina akamzuia kwa mkono.

"Usiombe samahani, mama. Umemwita baba wa mtu. Huyu mwenyewe aliacha. Tumetoka kuzika, ananiita Evelina, kana kwamba sikuzaa."

"Nilidhani nakuhurumia," Stephano alisema.

"Najua ulidhani."

Athumani, mpole yule, aliona haraka kuliko wote. Akamshika mkewe mkono, akawaashiria vijana, wakapanda kanisani bila mwongozaji. Stephano akatoa sweta kwenye begi, akaeleza kwa maneno mawili limetoka kwa nani. Evelina alilikunjua, akapitisha kidole kwenye mkono wa sweta, akasema lingemtosha. Kisha akalikunja na kuliweka juu ya karoti.

Stephano alimtwika tenga. Alitaka kumwambia arudi Malindi, lakini aliona hana haki ya kuomba hilo leo, na pengine hata kesho. Evelina akaanza kushuka. Alikuwa amefika kwenye kona ya shamba la viazi Stephano alipofumbua kinywa.

"Mama Heri."

"Abee."

Alisimama bila kugeuka, kwa ajili ya mzigo. Akangoja. Stephano alitafuta neno la kufuatia, akalikosa, akabaki anautazama mgongo wake.

"Kama huna la kusema," Evelina alisema, "basi niite tena."

Akamwita. Naye akaitika, kisha akashika njia ya kwao, na Stephano akapanda kuwafuata wageni.