Vibati vya Muhidini

Mwaka wa sabini na sita kaka yangu Muhidini alikuja Bagamoyo kutoka masomoni Ujerumani kwa arobaini ya baba, na begi la nguo na kikopo kimoja. Kikopo akakiweka juu ya kabati taratibu, utadhani ndani mna mayai. Nikamuuliza, "Ndiyo halua ya Wajerumani hiyo?" Hata hakucheka.

Baadaye akanieleza. Chuoni kwao wanajaribu kuwasha moto kama wa jua ndani ya chombo cha chuma, siku moja utoe umeme. Moto wenyewe ni wa haidrojeni, na taabu yake ni kuwa kuta za chombo zinainywa. Zinakunywa kiasi gani, inazama hadi wapi, hakuna ajuaye. Vibati vyake vya kikoponi, vipande vidogo vya chuma, vilikaa ukutani mle mwaka mzima vikishika masizi ya moto huo, kisha chombo kikabomolewa. Akitoka kwetu atapitia mji wenye mashine ya kuvipiga kwa ayoni, chembe ndogo sana zenye umeme. Kwa chembe zitakazoruka kutoka humo, watajua haidrojeni imejificha wapi.

"Vikiguswa tu, Dija, basi. Mafuta ya kidole nayo yana haidrojeni." Shahada yake yote ilikuwa kikoponi mle.

Mimi alinieleza, mama hakumweleza. Eti mama yuko eda, apumzike. Ndio wanaume wa nyumba hii, mambo makubwa humficha mama, kisha hushangaa.

Siku ya hitima yeye alikwenda msikitini, mimi niko uani na pilau. Mama, eda imemfungia ndani na mikono yake haijui kukaa bure, alikuwa akisugua sinia za shaba kwa majivu na ndimu. Niliporudi ndani sinia zinang'aa, na kando yake vibati vimepangwa juu ya kitambaa, vyeupe, vinanukia mafuta ya nazi.

"Mtoto anatembea na vyuma vya masizi," mama akasema. "Watu watadhani hana mama. Nimevipaka na mafuta, chumvi ya bahari isije ikavila."

Yale masizi ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe.

Muhidini akaingia, akaviona. "Ahsante, mama. Vimependeza."

Nikamfuata uani, nikamwambia amwambie ukweli, la sivyo nitamwambia mimi.

"Amezika mume juzi," akanijibu. "Unataka azike na hili?"

Sikumwambia mama, lakini roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Maji yamekwisha mwagika, nani atayazoa?

Akaenda zake na kikopo chake, na kabla eda haijaisha akarudi na begi lilelile. Mlangoni akaninong'oneza: wakubwa wake walitaka kujua nani aliyeviosha vibati, akasema ameviosha mwenyewe. Wakamwona mzembe, wakamkatisha masomo. Nikataka kumpiga.

Mama aliposikia sauti yake akatoka chumbani, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Vile vyuma viliwafaa?"

"Viliwafaa, mama."

"Na huko unarudi lini?"

"Sirudi tena."

Mama akaketi, machozi ya furaha yakimtoka. Akasema tangu baba azikwe, kila sala amekuwa akimwomba Mungu jambo hilo hilo moja, mwanawe asirudi tena ng'ambo.

"Amina," akasema kaka yangu, akainama kuvua viatu.