Masanja na Gurudumu la Mzinga

Asubuhi ya sherehe ya kikosi cha akiba cha mizinga, Nassibu, fundi cherehani wa Chemchem na sajini wa kikosi hicho, alikuwa anamshonea Meja Advera kifungo cha koti, na meja mwenyewe yumo ndani ya koti. Siku za kawaida kila mwanaakiba ana shughuli zake: huyu anauza asali ya Sikonge, yule anafundisha Isikizya. Mara moja kwa mwaka wanavaa magwanda, wanagawanyika kwa mizinga, kila mzinga na mkuu wake, mlenga shabaha wake na wajazaji wake, wanapiga baruti tupu, halafu wanakula pilau.

Mwaka huu ilikuwa isomwe historia ya kikosi, tangu ule mzinga mkongwe wa vita ya Mjerumani uliokaa langoni. Humo alitajwa Masanja, baba wa babu yake Nassibu, mpiga mzinga hodari, na kwa heshima hiyo Nassibu ndiye angefyatua mzinga wa kwanza. Habari za Masanja alizitoa Nassibu mwenyewe, naye alikuwa anajua fika kwamba mzee wa watu hakuwahi kufyatua hata manati. Mzinga aliubeba. Zamani Unyamwezini kijana asiyefika pwani na mzigo begani hakupewa mke. Leo mjini, mwambie mtu kwao ni wapagazi uone atakavyonuna! Nassibu aliwadanganya hivyo hivyo wakwe zake alipoposa, na wakwe walikuwa wamekaa viti vya mbele.

Saa nne lori lilikwenda kuuvuta mzinga langoni, likakuta nafasi tupu. Wapagazi walioubeba enzi zile walikuwa wameshaufungua vipande vipande, wamejitwika, wanaingia nao uwanjani wakiimba Kinyamwezi kwa sauti ya chini. Walikuwa wafu wa siku nyingi, miguu peku, mabega yameota sugu. Mlinzi aliwapekua kama wageni wengine, akawapisha.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Meja Advera, akitazama saa. "Huku ni meza kuu. Nyie zungukeni nyuma ya turubai, kule jikoni."

"Marahaba," waliitikia, wakazunguka.

Walipofika hawakukaa. Kwa desturi ya msafara mpagazi hajitui. Aliyetwikwa na mtu hutuliwa na mtu, tena awe wa kwao. Wakasimama na vyuma vyao, wakiangaza macho. Masanja ndiye aliyebeba gurudumu. Alikuwa na masikio ya Nassibu yale yale, yaliyochomoza kama ya sufuria. Akamfuata mpaka mbele ya viti.

"Mjukuu wangu," alisema, "nitue."

Baba mkwe alikunja shingo kutazama. Meja akauliza, "Sajini, huyu mzee ni wako?"

"Simfahamu, afande."

Mama Shamila, mpishi wa pilau, alimsonya kutoka nyuma ya turubai. "Mkataa kwao mtumwa," alisema, akapalia makaa juu ya mfuniko.

Masanja hakukasirika. Aliliweka sawa gurudumu begani. "Niwie radhi, afande," alimwambia Nassibu. "Nimekufananisha." Akarudi nyuma ya turubai.

Aibu ilimshika Nassibu mpaka masikio yakawaka moto. Aliomba ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, na kipaza sauti kikaanza kusoma historia. Walitajwa makamanda, wakatajwa wapiga mizinga. Wapagazi hawakutajwa. Lilipofikiwa jina la Masanja, mpiga mzinga hodari, uwanja mzima ulipiga makofi, wakwe wakapiga kuliko wote. Kule jikoni Masanja naye alitaka kumpigia makofi huyo mtu hodari, ila mikono yote ilikuwa imeshika gurudumu. Nassibu akafyatua mzinga wake. Ulilia vizuri sana.

Mpaka leo wazee wale wako uwanjani, wamesimama na vyuma. Mvua zilipoanza, kikosi kiliwafungia turubai. Watu wakipita huwaamkia. Nassibu amejaribu mara nyingi kwenda kumtua mzee, na kila akikaribia hutokea mtu anayemjua. Basi huishia kusalimia kama wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Mjukuu wangu hujamwona huko mjini?"

"Bado, mzee," husema Nassibu. "Nikimwona nitamwambia."