Kiungo cha Ukutani

Kamera ya nne haikuonyesha kitu. Ya getini iliona, ya barazani iliona, ya bandani iliona hadi mkia wa ng'ombe. Ya mlango wa nyuma, mlango ule ule waliopitia wezi mwezi wa Julai, ilitoa giza tupu kwenye televisheni.

Mama Ritha, karani wa Bunge na mwenye nyumba hii ya Mkonze, alilitazama giza lile, kisha akamtazama fundi Zablon. Katika kazi hii aliyekuwa amesema sana ni Zablon mwenyewe.

Mwaka 1998 nyumba hiyo ilikuwa ofisi ya mradi wa visima, na Zablon, mtu wa Zuzu aliyeacha shule darasa la tano, ndiye aliyepitisha nyaya za kompyuta ndani ya kuta zake. Mradi ukafungwa, Mama Ritha akainunua nyumba, nyaya zikabaki ukutani bila kazi. Mwaka 2004 alipotaka kamera, fundi Brighton, Mnyamwezi mwenye cheti na mtani wa kabila la Zablon, alimwambia kuta zote zichimbwe, zipitishwe nyaya mpya. Zablon akacheka. Ndani ya kila waya wa kompyuta, alieleza, mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Jozi moja itabeba picha, nyingine umeme wa kamera. Ukuta hauguswi.

"Waya wangu hauna kiungo," alimalizia, kama alivyomalizia kwa kila mteja tangu mradi ule, mjini na hata Chemba.

Kazi akapewa yeye. Leo Brighton alikuwa amekuja kutazama, na hakuficha alichokuja kutazama.

"Mtani," alisema, "ng'ombe tumemwona. Mwizi je?"

Zablon aliileta kamera ya bandani, akaifunga penye mlango wa nyuma. Giza. Basi kosa halikuwa la kamera. Akapima waya kwa mita ya umeme: umeme uliingia upande mmoja, upande wa pili haukutoka. Brighton, ambaye utani ulikuwa umemwishia, akasema huenda panya wameukata. Mama Ritha akaafiki kwamba panya wapo darini, anawasikia.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Neno moja tu, panya, na jina la Zablon lingebaki zima.

Lakini yeye alijua. Mwaka ule waya ulipungua mita mbili, boksi jingine la waya lilikuwa Dar es Salaam, na mkubwa wa mradi alitaka kompyuta zifanye kazi Jumatatu. Akaunga kwa mkono, akazungushia utepe mweusi, akaziba kwa lipu.

"Si panya," alisema. "Ni mimi. Kuna kiungo."

"Kiko wapi?" Mama Ritha aliuliza.

Zablon akaenda koridoni. Hakuchukua futi. Alipima viganja vitatu kutoka fremu ya mlango wa bafu, kimo cha kifua chake, akaweka patasi, akagonga mara mbili. Lipu ikadondoka. Nyuma yake palikuwa na utepe mweusi uliolowa unyevu wa bafu, na shaba iliyogeuka kijani.

Brighton aliinama akalitazama tundu, kisha akautazama ukuta uliobaki, mzima wote.

"Shikamoo, fundi," alisema, na safari hii hakuwa akitania.

Zablon alikata palipooza, akatia kipande kipya, akachomelea kwa risasi uzi kwa uzi. Juu yake hakupaka lipu. Aliweka kisanduku chenye mfuniko, ili fundi yeyote atakayekuja ajue pana kiungo. Mlango wa nyuma ukatokea kwenye televisheni, na beseni la Mama Ritha kizingitini. Zablon alisimama mbele ya picha ile, kifua mbele, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Gharama ilikuwa hii: tundu moja la upana wa kiganja, saruji makopo mawili, waya urefu wa mkono, kisanduku kimoja, mchana mmoja. Na maneno manne aliyoyatembeza miaka sita, ambayo hakuyasema tena.