Uzi Usiokuwepo Jichoni

Mimi na wifi yangu hatupikiki chungu kimoja. Tangu siku ya kwanza aliniona nimekuja kumnyang'anya mdogo wake, nami sikuhangaika kumwondolea wasiwasi. Mume wangu ni fundi wa kukata suti katika karakana ya familia yao. Wifi anashona kwenye cherehani mle mle karakanani. Jicho moja la mume wangu lilikwisha kuliwa na presha ya macho. Lililobaki ndilo lililokuwa likifuata mstari wa chaki kwenye kitambaa, na ndilo lililotulisha.

Daktari alilipasua, akaacha kitundu kidogo cha kutolea maji yanayojaa ndani.

"Mwili utataka kukiziba," alituambia. "Kwa hiyo tutamchoma sindano za kuzuia kovu, pembeni ya jicho. Ila dawa hii haichagui kidonda. Inaweza kuchubua hata kioo cha mbele cha jicho. Akihisi kitu kinamkwaruza, mleteni. Asiguswe."

Wifi alikuwepo. Aliitikia kwa kichwa, mtu mzima na akili zake.

Sindano ziliendelea. Mchana mmoja nilimpelekea mume wangu chakula karakanani, nikamkuta amekaa juu ya meza ya kukatia, kichwa kakilaza nyuma. Wifi kamwinamia na ncha ya kitambaa aliyoisokota na kuilowanisha mate. Ndivyo wanavyotoana nyuzi machoni mle ndani, tangu enzi za marehemu baba yao.

"Unafanya nini wewe?"

"Namtoa uzi."

"Nani kakwambia kuna uzi?"

Aliinuka, kitambaa mkononi. Mume wangu aliinamisha kichwa, machozi yakimchuruzika shavuni. Nilimpokonya kile kitambaa nikakigeuza huku na huku. Hakikuwa na kitu.

"Hapakuwa na uzi," daktari alisema baada ya kummulika. "Dawa ilikwisha kumchubua, ndicho alichokuwa akikihisi. Kupangusa kumekitanua kidonda. Sindano tunazisimamisha, la sivyo hakitafunga. Tuombe kitundu nacho kisizibe."

Nilirudi karakanani nikiwa nimewaka. Mbele ya wateja nilimwambia wifi kuwa kiherehere chake kimempofusha ndugu yake, na akikanyaga kwangu nitammwagia maji ya moto. Mume wangu alikuwa pale pale, ukutani, bandeji usoni. Wifi alimtazama yeye, si mimi. Kisha akachukua mkasi wake akaondoka bila neno, na hilo likaniudhi zaidi, kwa kuwa siku zote hanibakizii.

Kidonda kilifunga. Daktari aliposema kioo kimepona, nilimshika mkono kwa furaha. Halafu akapima presha ya jicho, akarudia kupima, akavua miwani yake. Kitundu nacho kilikuwa kimepona, kimeziba. Presha ilikuwa imepanda kimya kimya, na kuona kulikopotea hakurudi. Watapasua tena, ili kuokoa vivuli anavyoviona sasa.

Kazi za watu zilikuwa zimelala, basi nikakaa mimi kwenye cherehani ya wifi. Najua kupinda suruali, inatosha. Jana nilikuwa nimeinama hapo, mume wangu akaingia akipapasa ukuta. Nilikuwa nimemwambia ninakwenda kliniki kuulizia siku ya upasuaji, lakini nilikuwa nimekwisha kurudi. Alisimama akasikiliza cherehani, uso ukamng'aa.

"Dada, umerudi?"

Nilikaza macho kwenye mshono. Nilikasirika kwamba anamtafuta yule mwanamke.

"Nisamehe," alisema, akasogea karibu na kivuli changu. "Ungekataa nilipokubembeleza, yote haya yasingekukuta. Lakini jicho lilikuwa linanichoma, Dada, nikadhani ni uzi tu. Na pale alipokutukana nilishindwa kusema ni mimi niliyekuomba. Unamjua mke wangu akiwaka. Ninamwogopa."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani, suruali ya mteja ikienda mrama. Alinyoosha mkono akanigusa bega kwa upole ambao sijauona kwake miaka mingi, akasubiri nimjibu.